Kupamba nyumba kwa sikukuu hadi ifanane na mwenyewe: mwongozo wa hatua kwa hatua

Sikukuu ikikaribia, maswali huwa yale yale. Picha niitundike juu kiasi gani? Taa ninunue mita ngapi? Nimetumia pesa zote hizi, mbona sebule bado inafanana na ukumbi wa kukodi?

Hilo la mwisho ndilo zito, na wengi hulijibu kwa kurudi dukani kuongeza mapambo. Seti iliyonunuliwa nzima, yenye utepe, nyota na vitambaa vya rangi moja, inaeleza ladha ya aliyeipanga kiwandani. Mwenye nyumba haonekani humo. Njia inayofanya kazi ni nyepesi zaidi: tafuta jambo moja ambalo ni lako kweli, lirudie mahali patatu, kisha mapambo mengine yote yalipishe.

Nadharia tuiweke fupi. Mwaka 1989 watafiti nchini Marekani waliwaonyesha watu picha za nyumba ambazo wakazi wake hawakuwajua, nyingine zimepambwa kwa Krismasi na nyingine hazikupambwa. Zilizopambwa zilichukuliwa kuwa za watu wenye urafiki na walioshikamana. Kinachovutia zaidi ni upande wa pili: hata pasipo mapambo, watazamaji waliweza kutofautisha nyumba za watu wenye marafiki wengi mtaani na za wale wasionao, kwa kuwa zile za kwanza zilionekana wazi na zenye dalili za kukaliwa na watu. Kwa hiyo mgeni anakusoma kabla hujafungua mlango. Kazi yako ni kuchagua asome nini.

Andaa vitu hivi kwanza

- Futi ya kupimia ya mita 3 au zaidi, penseli, na pimamaji (programu ya simu inatosha kwa fremu ndogo).
- Magazeti ya zamani na tepu ya karatasi, ile inayobanduka bila kung'oa rangi.
- Nyundo, misumari ya kawaida na misumari ya zege. Drili, biti ya zege ya milimita 6, plagi za plastiki za milimita 6 na skrubu zake kama una picha nzito.
- Ndoano za kubandika, zikiwa na uzito zinaoubeba umeandikwa kwenye pakiti.
- Spiriti ya kusafishia na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Waya mwembamba wa milimita 0.5 au 0.6, koleo ndogo, mkasi, uzi imara.
- Ngazi fupi isiyoyumba. Kiti cha plastiki si ngazi.
- Sanduku moja kubwa tupu. Kazi yake utaiona hatua ya nne.

Taa na mapambo usinunue bado. Ukinunua kabla ya kupima na kuchagua rangi, hatua zote zinazofuata zitageuka kuwa kazi ya kutafuta pa kuweka ulichokwisha kununua.

Hatua ya 1: Tafuta uzi wa nyumba yako

Zunguka nyumba nzima na ukusanye vitu vitano ambavyo usingekubali kuvitupa hata vikichakaa. Kikapu, kitambaa, picha ya bibi, chombo cha muziki, rundo la vitabu, mche ulioulea mwenyewe. Vitandaze pamoja sakafuni na utazame vinafanana wapi: rangi, kitu vilivyotengenezwa nacho (mbao, udongo, nyuzi, shaba), umbo, au habari vinayobeba (safari, watoto, bustani). Mfanano utakaoonekana katika vitatu kati ya vitano ndio uzi wako. Uandike kwa maneno yasiyozidi matano: "nyuzi za asili na rangi ya udongo", au "muziki, nyeusi na shaba".

Usichague uzi kwa kujipamba mwenyewe. Mtu mkimya anayependa nafasi tupu akijilazimisha rangi saba na taa za kukimbizana, nyumba itamsumbua siku zote za sikukuu na wageni watahisi kuna kitu hakikai sawa. Mpenda utani naye asijifiche: picha moja ya kuchekesha ndani ya fremu ya heshima inasema mengi kuliko ukuta mzima wa maneno ya hekima yaliyochapwa.

Kama mnaishi wengi, kila mmoja alete vitu viwili, halafu kila mmoja apewe eneo lake moja. Kuchanganya ladha za watu watano katika kona moja ndiko kunakozaa ule mchanganyiko ambao hakuna anayeukubali.

Hatua ya 2: Chagua rangi tatu, na kila moja kiasi chake

Rangi ya kwanza itoke kwenye kitu ambacho hutakibadilisha: ukuta, kochi, pazia au sakafu. Hii itachukua takriban asilimia 60 ya kinachoonekana, na kwa kawaida tayari ipo. Ya pili itoke kwenye uzi wako, asilimia 30. Ya tatu ni ya kung'arisha, asilimia 10 tu: utepe, taa, fremu moja, mto mmoja.

Hakuna haja ya kupima asilimia kwa rula. Piga picha ya chumba kwa simu, itazame ukiwa umefinya macho, uone rangi ipi inaruka kwanza. Ikiwa ile ya asilimia 10 imeshika nusu ya picha, imeshazidi.

Rangi zilizozoeleka za sikukuu husika si amri. Kama nyekundu inagombana na kochi lako la kahawia, tumia nyekundu iliyoiva inayokaribia kahawia, au iache kabisa na ubaki na ishara ya sikukuu kwa umbo: nyota, mwezi, jani, kengele. Umbo hutambulika hata rangi ikibadilika.

Hatua ya 3: Teua mahali patatu tu

1. Mlango wa mbele, maana hapo ndipo mgeni anaposimama akisubiri.
2. Ukuta au meza ambayo jicho linaangukia mara tu mlango ukifunguka. Simama mlangoni, fumba macho, fumbua, uone limetua wapi.
3. Mahali watu wanapokaa muda mrefu: mezani au mbele ya makochi.

Uzi wako uonekane katika hayo yote matatu. Mara moja mgeni atadhani imetokea tu, mara mbili atadhani ni bahati, ya tatu atajua umekusudia. Korido, choo na ngazi viache, au uviwekee kitu kimoja kidogo kila kimoja.

Hatua ya 4: Ondoa kabla ya kuongeza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Katika yale maeneo matatu, toa theluthi moja ya vitu vya kila siku na uvitie katika lile sanduku tupu: rimoti za ziada, maua ya plastiki yenye vumbi, kalenda za zamani, vyombo vya kuonyesha ambavyo hakuna anayevitazama. Mapambo yakiwekwa juu ya rafu iliyokwisha kujaa hayaonekani kama mapambo, yanaonekana kama vitu visivyo na pa kukaa.

Futa kuta na rafu kwa kitambaa kikavu wakati huo huo. Vumbi ndilo adui wa kwanza wa gundi.

Hatua ya 5: Tundika picha na michoro

Anza na kuta, kwa kuwa taa na majani hupangwa kufuata picha. Ukianza na taa utazibandua.

*Kimo.* Katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, karibu na usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Chumba ambacho watu hukaa tu, unaweza kushuka sentimita 10. Kosa lililoenea ni kutundika juu mno, karibu na dari, hadi picha inaonekana kama imekimbia watu.

*Msumari uingie wapi?* Tumia hesabu hii: kimo unachotaka cha katikati, ongeza nusu ya urefu wa fremu, toa umbali kati ya ukingo wa juu wa fremu na waya wake wa kutundikia ukiwa umevutwa juu kwa kidole. Mfano: katikati iwe 150, fremu ina urefu wa sentimita 60, waya ukivutwa unakaa sentimita 7 chini ya ukingo. 150 + 30 − 7 = 173. Msumari unaingia sentimita 173 kutoka sakafuni. Wanaosahau kutoa hizo 7 ndio wenye ukuta wa matundu.

*Juu ya kochi au kabati.* Acha sentimita 15 hadi 20 kati ya mgongo wa kochi na ukingo wa chini wa fremu. Upana wa picha, au wa kundi la picha, uwe kama theluthi mbili ya kochi: kochi la sentimita 200 linataka kundi la sentimita 130 hadi 150. Picha moja ndogo juu ya kochi refu huonekana imesahauliwa hapo. Iweke pembeni kwenye ukuta mwembamba, itapata heshima yake.

*Kundi la picha.* Lihesabu kama picha moja kubwa.

1. Weka kila fremu juu ya gazeti, ichore pembeni, kata karatasi.
2. Kwenye kila karatasi tia alama ya mahali msumari utakapokuwa, ukipima kutoka kwenye waya uliovutwa.
3. Bandika karatasi ukutani kwa tepu ya karatasi, ukiacha sentimita 5 hadi 7 kati ya fremu na fremu. Zikizidi 10, kundi linasambaratika.
4. Kubwa kuliko zote isiwe katikati kabisa. Isogeze kidogo kushoto au kulia, kisha jenga nyingine kuizunguka.
5. Ziache karatasi usiku mmoja. Asubuhi utaona kilichopinda.
6. Gonga msumari juu ya karatasi, kisha chana karatasi uiondoe.

*Ukuta wa aina gani?* Ukuta wa mbao hupokea msumari wowote. Tofali au zege lenye plasta: fremu chini ya kilo 2 inashikwa na msumari wa zege, zaidi ya hapo toboa kwa drili. Zungushia biti kipande cha tepu kuonyesha kina, ambacho ni urefu wa plagi na milimita 5 zaidi. Pulizia vumbi litoke kabla ya kuingiza plagi, la sivyo itazunguka humo ndani na skrubu haitakaza kamwe. Ukuta wa ubao wa jipsamu unahitaji plagi zake maalumu zinazotanuka nyuma ya ubao, kwa sababu plagi ya zege itachomoka na kipande cha ukuta.

Onyo: usitoboe wima juu au chini ya soketi na swichi, wala usawa wake kwenda kushoto na kulia. Nyaya za umeme kwa kawaida hupita katika mistari hiyo.

*Ndoano za kubandika.* Safisha ukuta kwa spiriti, si kwa sabuni, kwani sabuni huacha utando. Ukikauka, bandika, gandamiza sekunde 30, subiri saa moja ndipo utundike. Ukuta uliopakwa rangi karibuni usubiri angalau siku 7. Chokaa, rangi inayoacha unga kidoleni na karatasi za ukutani havifai kabisa. Tundika nusu tu ya uzito ulioandikwa kwenye pakiti, hasa kama chumba kina joto au unyevu.

*Nini kiingie kwenye fremu?* Hapa ndipo hulka inapoonekana kuliko popote. Mchoro wa mtoto ukiuwekea fremu nzuri na karatasi nene ya kuzunguka yenye upana wa sentimita 5 hadi 7 unakuwa kazi ya sanaa. Kipande cha kitambaa kipigwe pasi, kivutwe juu ya ubao mwembamba na kibanwe kwa nyuma. Picha ya simu inataka ukubwa wa kutosha: kwa chapa ya sentimita 20 kwa 25 tafuta faili yenye takriban pikseli 2,400 kwa 3,000. Picha zilizopita kwenye programu za kutumiana ujumbe huwa zimebanwa, na ukizikuza hutoka na ukungu. Omba faili halisi kutoka kwa aliyepiga.

Mbinu inayookoa kuta: nunua fremu nne au sita za ukubwa mmoja, zitundike za kudumu, na kila sikukuu badilisha kilichomo ndani. Matundu ni yale yale na nyumba ni mpya. Picha za kawaida zibaki nyuma ya zile za sikukuu ndani ya fremu hiyo hiyo, hazitapotea.

Usitundike michoro ya rangi za maji au chapa za rangi mahali jua linapopiga moja kwa moja, hupauka. Ukuta wenye unyevunyevu, bandika vipande vidogo vya mpira au vya kizibo katika pembe za nyuma za fremu ili hewa ipite.

Hatua ya 6: Pima, nunua na funga taa

Chagua joto la mwanga kwanza, yaani umanjano au ubuluu wa rangi yake. Pakiti huandikwa namba yenye herufi K (kelvini): 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa manjano laini, 4,000 ni mweupe, 6,000 na kuendelea una ubuluu. Chagua mmoja kwa nyumba nzima. Ukichanganya mweupe wa manjano na mweupe wa buluu katika chumba kimoja, kimojawapo kitaonekana kichafu, na hakuna pambo litakaloficha hilo.

Vipimo:

- Dirisha au mlango: pima pande zote unazotaka kuzungushia, ongeza sentimita 20 kwa kila kona, kisha pima umbali hadi soketi. Huo wa mwisho ndio unaosahaulika.
- Mti au mche: balbu 50 kwa kila sentimita 30 za kimo kwa mwanga mtulivu, 100 kwa mwanga mkali. Mti wa mita 1.8 unataka kati ya 300 na 600.
- Rafu au fremu ya kioo: uzi wa mita 2 wenye balbu ndogo za betri, bila soketi.

Nunua LED. Uzi wa balbu 100 za LED hula takriban wati 5. Wa balbu za zamani hula kama 40 na hupata moto. Hizo za zamani usiunganishe zaidi ya nyuzi tatu mfululizo. Za LED, idadi inayoruhusiwa imeandikwa kwenye pakiti.

Mpangilio wa kazi:

1. Washa kila uzi ukiwa bado sakafuni, uuache dakika 15. Ulio na balbu zilizokufa urudishe dukani sasa.
2. Anzia kwenye soketi, si kwenye ncha ya mwisho. Wengi hufika dirishani na kugundua kwamba plagi iko upande wa pili.
3. Shikilia kwa ndoano ndogo kila baada ya sentimita 30. Usitumie misumari wala stepla juu ya waya.
4. Kwenye mti, ingiza uzi hadi karibu na shina, kisha utoke nje tena, tawi kwa tawi. Kuzungusha kwa nje tu hufanya mti uonekane umefungwa kamba.
5. Ficha waya wa kushukia nyuma ya pazia au mguu wa kabati, lakini usiupitishe chini ya zulia; joto hukwama humo na hutaona ukichubuka.

Maonyo ya umeme. Nje tumia taa zilizoandikwa IP44 au zaidi (IP ni kipimo cha kinga dhidi ya vumbi na maji). IP20 ni za ndani tu. Viungio viinuliwe kutoka ardhini, na adapta ibaki mahali pakavu. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Ekstensheni ya kujiviringisha kwenye gurudumu ifunguliwe yote kabla ya kutumia, maana ikiwa imeviringwa hupata moto ndani. Plagi ikiwa ya moto mkononi, zima. Na weka taima ya soketi izime usiku, kwa sababu utasahau.

Mishumaa ya kweli iwe mbali na pazia, karatasi na majani kwa sentimita 30 kila upande, na isiwake chumbani pasipo mtu. Kama kuna watoto au paka, tumia ya betri.

Hatua ya 7: Makoja, shada na vibendera

Hivi vinakuja baada ya taa ili majani yafunike nyaya.

*Koja la majani.* Kulitandaza juu ya rafu kunahitaji urefu wa rafu na sentimita 30 kila ncha za kuning'inia. Likilegea kwa mawimbi, ongeza asilimia 20: mita 3 zenye mawimbi matatu, kila moja likishuka sentimita 25, huchukua kama mita 3.6. Kuzungushia reli ya ngazi, zidisha urefu mara mbili. Kosa la kawaida ni kuvuta koja fupi lifike. Likinyooka kama kamba ya kuanikia nguo, uzuri wake umekwisha.

*Shada la mlangoni.* Pinda waya mnene uwe duara la kipenyo cha sentimita 35. Fanya vichala vya majani vya sentimita 10 hadi 12. Duara hilo huchukua kama 18. Laza kichala, zungusha waya mwembamba mara tatu bila kuukata, laza kinachofuata kikifunika mashina ya kilichotangulia, vyote vikielekea upande mmoja. Vibananishe sana, kwa kuwa majani mabichi hunywea yakikauka na mapengo hutokea. Sasa weka ule uzi wako wa hatua ya kwanza: kama hulka ya nyumba ni muziki, funga filimbi kuukuu au ukanda wa karatasi ya nota, kama ni bustani, maganda ya mbegu. Kitu kimoja, upande mmoja wa chini, si katikati juu.

*Vibendera vya kitambaa.* Pembetatu zenye kitako cha sentimita 20 na kimo cha 25, nafasi ya 5 kati yake. Mita 3 huchukua 12. Kata juu chini, juu chini, ukizipachanisha: ukanda wa kitambaa wenye kimo cha sentimita 25 na urefu wa 130 unatoa zote 12. Mkasi wa meno huzuia nyuzi kuchomoka, hivyo hutahitaji kushona pindo. Acha sentimita 40 za uzi mtupu kila ncha za kufungia. Nguo za zamani za watu wa nyumbani zinafaa mno hapa; shati lililochanika la baba, gauni lililombana mtoto. Hakuna duka linaloweza kukuuzia hiyo.

Hatua ya 8: Vitu vidogo vya meza na rafu

Panga kwa idadi ya witiri, vitatu au vitano, vikiwa na vimo tofauti: kimoja kirefu, kimoja cha wastani, kimoja kifupi. Viguse au vikaribiane kabisa. Kama vyote vina kimo kimoja, inua kimoja juu ya vitabu viwili. Mezani pambo lisizidi sentimita 30 kwenda juu, au liwe jembamba la kuona mtu wa upande wa pili, la sivyo wageni watalihamishia sakafuni kabla ya chakula.

Hatua ya 9: Kagua kwa kamera

Jicho lililopamba siku nzima halioni tena. Piga picha ya kila eneo, mchana mara moja na usiku taa zikiwa zimewaka, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Utaona mara moja upande uliolemewa. Ondoa kitu kimoja katika kila eneo. Karibu kila mara panakuwa bora.

Yakienda mrama

*Picha inapinda kila siku.* Imening'inia kwenye msumari mmoja. Fremu yenye upana wa zaidi ya sentimita 60 itundikwe kwenye misumari miwili, kila mmoja ukiwa theluthi ya upana kutoka ukingoni. Kwa fremu ndogo, bandika vitone vya mpira kwenye pembe mbili za chini.

*Fremu imeinamia mbele.* Pete za nyuma ziko chini mno. Zipandishe hadi robo ya juu ya fremu na ukaze waya.

*Kioo kinaakisi taa hadi mchoro hauonekani.* Sogeza taa, siyo picha. Taa ya juu inayomulika kwa pembe ya takriban digrii 30 kutoka wima hupunguza mng'ao. Dirisha likiwa mkabala, tumia fremu isiyo na kioo au picha ya turubai.

*Nusu ya uzi wa taa imezima.* Chomoa kwanza. Nyuzi nyingi zimegawanywa mafungu; balbu moja iliyolegea huzima fungu lake lote. Gandamiza balbu moja moja katika fungu hilo, angalia miguu ya balbu haijakunjika, kisha fyuzi ndani ya plagi kama ipo. Waya ukiwa umechubuka, tupa uzi wote, usiufunge tepu.

*Ndoano zimedondoka usiku.* Angalia nyuma yake. Ikiwa na unga au rangi, ukuta ndio ulioachia, na gundi kali zaidi haitasaidia, tumia msumari. Ikiwa safi, hukusafisha kwa spiriti au hukusubiri ile saa moja.

*Nyota za karatasi zimejikunja.* Karatasi ya kuchapia ya kawaida ni nyepesi mno. Tumia ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba, na usizitundike karibu na jiko au bafu.

*Majani yamenyauka baada ya siku mbili.* Hayakunywa maji. Kabla ya kuyafunga, kata ncha za mashina upya na uyaloweke usiku mzima. Shada la kwenye jua nyunyizia maji kila asubuhi, au tumia majani yaliyokaushwa tangu mwanzo.

*Chumba kimejaa lakini hakivutii.* Una vidogo vingi. Ondoa vyote vyenye ukubwa wa chini ya ngumi, kisha rudisha vitatu. Na kama kinaonekana kitupu, usiongeze idadi, ongeza ukubwa: koja moja nene linashinda vitu kumi vya kuning'iniza.

*Ni nadhifu lakini si kwangu.* Rudi kwenye vile vitu vitano vya hatua ya kwanza. Mara nyingi havimo popote kwenye pambo. Vimefungiwa katika lile sanduku. Toa kimoja, kiweke mahali namba 2 pa hatua ya tatu, na upange vingine kukizunguka.

Siku ya kuvua

Ndoano za kubandika zivutwe kwa ulimi wake, taratibu, kuelekea chini sambamba na ukuta. Ukivuta kuja kwako, utang'oa rangi. Iliyokataa ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele.

Kila uzi wa taa uviringe kwenye kadibodi ya sentimita 20 kwa 30 iliyokatwa pengo dogo pembeni la kushikia ncha, plagi ikiwa nje ili ujaribu mwakani bila kufungua. Andika juu yake mahali ulipotumika na urefu wake: "dirisha la sebule, mita 6". Zile karatasi za magazeti zisizochanika zihifadhi bapa pamoja na fremu. Uzi ulioleta matata utupe leo leo, maana ukiurudisha sandukuni utakudanganya tena mwaka ujao.